Hewa Iliyo Ndani ya Gunia

Mtu apitaye barabara kuu iendayo Tunduma katika miezi ya Julai na Agosti, akifika Ruanda katika wilaya ya Mbozi, hakosi kuona mahindi. Yameanikwa juu ya maturubai mbele ya nyumba, yamo katika viroba kando ya njia, yanapimwa kwa debe, yanapakiwa katika malori. Mgeni atasema kwamba watu hawa wameshiba. Lakini mwenyeji ajua kuwa sehemu ya mahindi hayo haiuzwi kwa sababu imezidi mahitaji ya nyumba. Yauzwa kwa sababu mwenyewe anaogopa kukaa nayo.

Anamwogopa mdudu. Auza Julai, wakati kila jirani anauza na mchuuzi ndiye apangaye bei. Ikifika Januari au Februari, mvua zikiwa zimeshika na ghala limekuwa tupu, yule yule aliyeuza huenda sokoni kununua debe kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia. Twaiita biashara. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba mkulima huyu anamlipa mdudu kodi kabla mdudu mwenyewe hajabisha hodi.

Leo, ndugu wasomaji, twataka kuzungumza juu ya hewa. Huenda mtu akashangaa kwamba tumeanza na mahindi na sasa twageukia hewa, lakini mambo haya mawili yamo katika gunia moja, na hapo ndipo ulipo msiba wenyewe, na dawa yake pia.

Wazee wetu walimjua fukusi, yule mdudu mwenye pua ndefu atoboaye punje na kutaga ndani yake. Walipambana naye kwa moshi. Mahindi yalitundikwa na maganda yake juu ya jiko, au yaliwekwa darini ambako moshi wa kuni ulipita kila siku, na ile mbegu ya zamani yenye punje ngumu na maganda yaliyofunga vizuri ilimsumbua fukusi kiasi cha kutosha. Haikuwa salama kamili, lakini nyumba iliweza kufika mavuno mengine.

Kisha akaja dumuzi. Huyu si mwenyeji wetu. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana nchini mwetu katika mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1981 wataalamu walikuwa wamekwisha mtambua kwa jina lake la kisayansi. Yaaminiwa kwamba aliingia pamoja na mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Ni mdudu mdogo, urefu wake hauzidi milimita nne na nusu, rangi yake kahawia iliyokoza, na kichwa chake kimeinama chini ya kifua kana kwamba anasujudu. Lakini hasujudu. Anatoboa. Hutoboa punje, hutoboa gunzi, hutoboa hata mti mkavu wa ghala, na kila apitapo huacha unga mweupe. Huko Tabora ilipimwa hasara iliyofikia theluthi moja ya uzito wa mahindi katika miezi mitano au sita. Wananchi walimpa jina la Scania, kwa kuwa nguvu zake za kusaga ziliwakumbusha yale malori makubwa. Sisi tulio kando ya barabara ya Tunduma, ambako malori hayo hupita usiku na mchana, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Serikali na wataalamu hawakukaa kimya. Ilitafutwa dawa ya unga yenye sumu mbili kwa pamoja, moja ya kumwua fukusi na nyingine ya kumwua dumuzi, kwani ile iliyomweza mmoja haikumweza mwenzake. Dawa hiyo, ikiwa ni ya kweli, haijapitwa na wakati na imechanganywa kwa kipimo, yafanya kazi; hatupendi kusema uongo juu yake. Shida ni yale maneno matatu tuliyoyataja. Mkulima hana njia ya kujua kama pakiti aliyouziwa ni ya kweli. Hana mizani ya kupimia. Tena akiona mdudu mmoja huongeza kijiko kingine, na mahindi yale yale ndiyo ugali wa watoto wake.

Jambo lililo baya zaidi ni vidonge vya gesi. Vidonge vya aluminiamu fosfaidi vikikutana na unyevu hutoa gesi yenye sumu kali, na gesi hiyo yapaswa kutumiwa na watu waliofundishwa, katika maghala yaliyo mbali na makazi. Lakini vidonge hivyo huuzwa kimoja kimoja kama peremende, hutiwa katika gunia, na gunia huwekwa katika chumba kile kile wanamolala watu. Gesi haijui mpaka kati ya mdudu na mtoto. Msomaji mwenye vidonge hivyo chini ya kitanda, twamwomba aache kusoma gazeti kwanza akavitoe.

Sasa tuje kwenye hewa. Hewa tuivutayo, ukiigawa katika sehemu mia, sehemu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na moja iliyobaki ni mchanganyiko wa hewa nyingine. Ile sehemu ya 21 ndiyo kazi yote. Kwa oksijeni kuni huwaka, panga hupata kutu, mafuta ya karanga huchacha, ukungu huota, na mdudu huishi. Ondoa oksijeni hiyo, na karibu kila adui wa chakula kikavu hukosa nguvu. Haihitajiki sumu yoyote, na naitrojeni ibakiyo haina ladha wala harufu, wala haimdhuru mlaji.

Basi yawezekanaje kuitoa oksijeni peke yake na kuiacha ile nyingine? Jibu limo katika kila nyumba, nalo ni kutu. Chuma kikipata kutu huwa kinakula oksijeni ya hewa na kuifunga ndani yake, isitoke tena. Walimu wa sayansi wa shule zetu wanaweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Chukua zile nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zichovye katika siki, zikung'ute, kisha zisukume mpaka chini ya bilauri ndefu. Ipindue bilauri mdomo chini katika bakuli lenye maji, uiache mpaka kesho. Utakuta nyuzi zimegeuka rangi ya kutu, na maji yamepanda ndani ya bilauri karibu sehemu moja ya tano. Yamechukua nafasi ya oksijeni iliyoliwa. Hayatapanda zaidi, hata ungojee mwezi mzima, kwani kilichobaki humo ni naitrojeni ambayo chuma hakiitaki. Scheele wa Uswidi, mmoja wa waliogundua oksijeni, alifanya majaribio ya jamaa hii katika miaka ya 1770, nasi bado twaona kwamba mtoto aliyeliona kwa macho yake mara moja haliachi kichwani.

Wajapani ndio waliolifanya jambo hili kuwa bidhaa. Mwaka 1977 kampuni ya Mitsubishi Gas Chemical ilianza kuuza vipakiti vidogo viitwavyo Ageless. Ndani yake mna unga laini wa chuma, chumvi kidogo ya kuharakisha kutu, na kitu kinachoshika unyevu, kwa kuwa chuma kikavu hakipati kutu. Karatasi ya kipakiti hupitisha hewa lakini haipitishi unga. Ukikitia katika mfuko wa vyakula vikavu na kuufunga barabara, baada ya siku moja au mbili oksijeni iliyomo hushuka chini ya sehemu moja katika elfu. Ziko njia nyingine za jamaa hiyo: kuna watumiao vitamini C mahali pasipotakiwa chuma, kuna kimeng'enya kitokacho katika ukungu ambacho hula oksijeni pamoja na sukari, na watengeneza mvinyo wametumia chumvi za salfa kwa muda mrefu. Lakini chuma ni rahisi na chatosha kwa maelezo yetu.

Vipakiti hivi vimekwisha fika kwetu bila kutangazwa. Hukutwa ndani ya mifuko ya tende, biskuti na vyakula vingine vitokavyo ng'ambo, vikiwa na maandishi ya kukataza visiliwe. Wengi huvichanganya na vile vingine vyenye punje ngumu zinazong'aa, vinavyowekwa katika viatu na mikoba. Hivyo vya mikoba kazi yake ni kunyonya unyevu, si oksijeni. Mwenye shaka na achukue sumaku: kipakiti cha chuma kitavutwa. Tena kipakiti kilichokwisha kaa wazi siku nzima kimekwisha kazi yake. Kukihamisha katika chombo kingine ni kujifariji tu.

Hapa msomaji wa Ruanda atauliza swali la haki. Je, gunia la mahindi lataka vipakiti vingapi? Tulikaa tukapiga hesabu. Gunia la kilo 100 lina ukubwa wa lita 135 hivi. Kati ya punje na punje mna nafasi, na nafasi zote zikijumlishwa ni karibu asilimia 40, yaani lita 55 za hewa. Moja ya tano ya hewa hiyo ni oksijeni, kama lita 11. Gramu moja ya unga wa chuma, ikipata kutu kabisa, hula kama sentimita za ujazo 300 za oksijeni. Basi kwa gunia zima yatakiwa gramu 37 hivi, kiasi kisichojaza kiganja. Na kwa kuwa Mbozi ni nchi ya juu ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hata hizo zitazidi kidogo.

Hesabu hii yapendeza, nasi tulipoimaliza tulijiona wajanja. Lakini ina kasoro kubwa. Ni hesabu ya gunia lisilopitisha hewa hata kidogo. Kiroba chetu cha kawaida kimefumwa. Hewa huingia na kutoka kama katika kapu. Ukikitia unga wa chuma, hata kilo nzima, utakuwa unajaribu kukausha ziwa kwa kata. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuma kiasi gani, yatupasa kwanza kuuliza juu ya gunia lenyewe. Na gunia likishazibwa vizuri, jambo la ajabu hutokea: kile chuma hakihitajiki tena kwa mahindi ya kula, kwani yuko mwingine wa kuila ile oksijeni bila malipo. Ni mdudu mwenyewe.

Mdudu naye ni moto mdogo. Anakula, anavuta oksijeni, anatoa hewa ya ukaa kama sisi. Akifungiwa mahali pasipoingia hewa mpya, anaimaliza ile iliyopo. Jambo hili lilijulikana tangu kale kwa wale waliohifadhi nafaka mashimoni, kama huko Sudani na Uhabeshi. Lakini aliyelitia katika mfuko wa mkulima mdogo ni mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, akifanya kazi pamoja na wenzake wa Kameruni kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kule kaskazini ya Kameruni adui alikuwa mdudu wa kunde. Walijaribu njia kadhaa, na wakaishia kwenye mifuko miwili ya plastiki nene, mmoja ndani ya mwingine, na kiroba cha kawaida nje yake ili kuilinda isipasuke. Kuanzia mwaka 2007 mifuko hiyo ilienezwa kwa kampeni kubwa huko Afrika ya Magharibi, kisha ikafika kwetu katika miaka ya 2010 ikiwa na jina la PICS. Wakulima wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa. Ilipata kutengenezwa Tanga; na mingine ya namna yake, iitwayo AgroZ, ilitoka katika kiwanda cha Arusha.

Twapenda kusimama kidogo juu ya namna mdudu anavyokufa ndani ya mfuko huo, kwa kuwa si vile watu wadhanivyo. Wengi husema anakosa pumzi kama mtu aliyezama majini. Sivyo hasa. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu tano katika mia, mdudu huacha kula. Yupo hai, lakini ametulia. Sasa fikiri: mdudu huyu anaishi ndani ya punje kavu, hana kisima, hanywi maji maisha yake yote. Maji ya mwili wake huyapata kwa kuunguza chakula kwa oksijeni, kwani katika kuungua huko maji huzaliwa. Oksijeni ikikosekana, kile kisima cha ndani kimekauka. Murdock na wenzake walieleza mwaka 2012 kwamba mdudu huyo hufa kwa kiu. Ndiyo maana hafi siku ya kwanza, na ndiyo maana mkulima afunguaye mfuko baada ya juma moja ili kuchungulia kama amekufa humrudishia uhai kwa mkono wake mwenyewe. Kila kufungua ni kumpelekea maji.

Nchi yetu ya baridi ina jambo lake hapa. Mdudu wa Mbozi katika Julai hapumui kwa haraka kama mdudu wa Dodoma katika Oktoba, kwa hiyo oksijeni hushuka polepole zaidi. Jambo hilo lisimtie mtu hofu. Wadudu wakiwa wachache na wavivu, oksijeni hukawia, lakini na uharibifu nao hukawia. Na wakizaana, huimaliza wao wenyewe.

Wapo wanaowasha mshumaa juu ya mahindi ndani ya kihenge cha bati, kisha wanafunga kifuniko. Njia hii imefundishwa mahali pengi, nasi hatuikatai, lakini tusiipe sifa isiyo yake. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa ingali sehemu 16 hivi katika mia. Mdudu anaishi vizuri sana katika hewa hiyo. Mshumaa umesaidia kuanza safari. Sehemu kubwa iliyobaki itatembewa na wadudu wenyewe, au na chuma, au haitatembewa kabisa ikiwa kifuniko kinavuja.

Basi unga wa chuma una kazi gani kwetu? Twaona una kazi mahali ambapo hutaki mdudu afanye kazi hiyo kwa niaba yako, kwa kuwa atakuwa ameharibu kabla ya kufa. Mbegu ni mfano wa kwanza. Kilo chache za mbegu safi ya maharage, zikiwa kavu kabisa, ndani ya chombo cha kioo au bati kinachoziba, pamoja na kipakiti kimoja, zaweza kungoja msimu wakati kila punje ni nzima. Mfano wa pili ni kahawa. Hapa Mbozi, ambako taasisi ya utafiti wa kahawa ina kituo chake Mbimba, twauza kahawa mbichi na kuwaachia wengine kuikaanga. Kahawa mbichi hukaa. Lakini kahawa iliyokaangwa na kusagwa hupoteza harufu yake upesi kwa sababu ya oksijeni, na kijana yeyote wa kwetu atakayetaka kuiuza mbali ikiwa imekwisha kusagwa atalazimika kuijua kazi hii ya kuondoa hewa, kwa chuma au kwa mashine. Mfano wa tatu ni karanga na vyakula vingine vya mafuta vichachavyo haraka.

Lakini sasa yatupasa kutoa onyo, na tunalitoa kwa sauti. Kuondoa oksijeni hakukaushi kitu. Chakula kibichi au chenye maji, kikifungiwa pasipo oksijeni, chaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ambao hupenda mahali pasipo hewa na sumu yao huua. Samaki aliyekauka nusu, nyama mbichi, maharage yaliyopikwa: hivi visifungwe kwa njia hii hata siku moja na kuwekwa katika joto la kawaida. Njia hii ni ya vitu vikavu.

Nayo mahindi hali kadhalika. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa hutoa joto na jasho, yakaharibika na mbegu yake ikafa. Na yaliyopata ukungu kabla ya kufungwa huja na sumukuvu yake, ambayo mfuko hauiondoi. Hatusemi mambo ya mbali. Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo, na 20 wakafariki. Jirani zetu wa Kenya walizika watu 125 mwaka 2004. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yaliyooza na yaliyovunjika yaondolewe, na yafungwe yakiwa na unyevu usiozidi sehemu 13 hivi katika mia.

Mkulima asiye na kipimo atajuaje? Kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, ziba, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi. Isipogandamana, yamekaribia. Hata hapo twashauri siku moja zaidi ya jua, na yaachwe yapoe kabla ya kufungwa.

Ushauri huu twautoa kwa aibu kidogo. Mwaka mmoja tulifunga maharage katika dumu, tukawasha mshumaa kwa fahari mbele ya wageni, tukakaza kifuniko. Hatukupima unyevu, kwa kuwa tulikuwa na haraka na mawingu yalikuwa yanatanda. Tulipofungua Desemba, harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe. Wageni wale wale walikuwapo.

Kuufunga mfuko wenyewe kuna adabu yake. Kila mfuko wa plastiki ujaribiwe kwanza kwa kuujaza upepo na kuubana, ili tundu lijulikane. Mahindi yashindiliwe pembe zote. Mfuko wa ndani ubanwe hewa itoke, usokotwe, ukunjwe na kufungwa kwa kamba. Kisha wa pili vivyo hivyo. Kisha kiroba cha nje. Usiburutwe sakafuni. Uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wafukuzwe, kwani panya hajui thamani ya plastiki. Dumuzi naye, akiwa wengi, aweza kutoboa plastiki ya ndani, na ndiyo sababu mahindi yapepetwe na kuchaguliwa kwanza. Mfuko uliotunzwa waweza kutumika misimu miwili hata mitatu. Na familia inayochota kila juma isichote katika mifuko yote: mmoja wa kula uwe wazi, mingine isiguswe.

Wapo watakaotujibu kwamba mkulima hauzi kwa hofu ya mdudu peke yake. Auza kwa kuwa anadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na mbolea ya Novemba yataka fedha. Jibu hilo ni la kweli na hatuwezi kulipuuza. Mfuko si fedha. Mwenye gunia kumi atauza nne kwa shida zake, na hakuna plastiki itakayomzuia. Lakini zile sita zilizobaki ndizo tunazozizungumzia, kwani nazo huuzwa Agosti kwa hofu, bila deni lolote. Na kwa wale wenye mengi, nchi hii imekuwa na sheria ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2005, ambayo imekusudiwa kumwezesha mtu kuyaweka mazao yake ghalani na kuitumia stakabadhi yake kama dhamana. Twaona ajabu kwamba mahindi ya wakulima wadogo yamefaidika nayo kidogo sana.

Mfuko mmoja wa namna hii ni ghali mara kadhaa kuliko kiroba cha kawaida. Mama wa nyumba atazamapo bei hizo mbili katika duka la Mlowo, akiwa na fedha za siku moja mkononi, hachagui kwa ujinga. Anachagua kwa kile alicho nacho. Kwa hiyo hatuoni haki kumlaumu. Tunaloliona ni kwamba vyama vya ushirika vya kata, ambavyo huagiza mbolea kwa pamoja, vyaweza kuagiza na mifuko kwa pamoja, na mwanachama akalipa baada ya kuuza gunia lake la kwanza. Mabwana shamba na mabibi shamba nao waonyeshe namna ya kufunga mfuko mbele ya watu, kisha mfuko huo huo ufunguliwe mbele ya watu wale wale mwezi wa Februari. Onyesho lisilofunguliwa halimshawishi mkulima.

Na wafanya biashara waangaliwe. Imekuwapo tabia ya kuuza kiroba cha nje peke yake, au chenye plastiki moja nyepesi ndani, kwa bei ya mfuko kamili. Mnunuzi na auvue mfuko pale pale dukani, ahesabu: plastiki nene mbili, na kiroba kimoja. Zikipungua, airudishe na adai fedha yake.

Wakati nao una neno lake. Mahindi huanza kuvunwa Ruanda mwezi wa Juni. Mifuko ikifika madukani Vwawa na Mlowo mwezi wa Septemba, malori yatakuwa yamekwisha pita, na dumuzi atakuwa ameingia katika viroba. Mifuko na iwe imefika mwezi wa Mei.